Gitaa umelichonga mwenyewe, usilipulizie vanishi: jinsi ya kulipiga shelaki kwa mkono ukiwa Dodoma

Huu mwongozo ni kwa yule ambaye gitaa lake la nyuzi za nailoni limeshasimama, shingo imekaa, freti zipo, gundi imekauka, ila bado ni mbao tupu na fundi fenicha wa mtaani ameshamwambia "lete nikupulizie hapa, jioni unachukua". Usipeleke. Yule fundi hana kosa, ila vanishi na sila anayopuliza ni ya kitanda na kabati, inatakiwa ivumilie sufuria ya moto na watoto, kwaiyo inakaa nene. Uso wa gitaa la klasiki una unene wa milimita 2 hadi 2.5 tu na ndio unaotikisika kutoa sauti, ukiuvika koti zito umeubana. Shelaki, yaani utomvu unaoyeyushwa kwenye spiriti, ikisuguliwa kwa mkono inakaa nyembamba sana na bado inang'aa kama kioo. Antonio de Torres, yule Mhispania aliyeishi 1817 hadi 1892 na ambaye umbo la gitaa lake ndilo tunaloliiga hadi leo, alikuwa anamalizia kwa shelaki, na mafundi wengi wa gitaa za klasiki hawajaiacha.

Niseme na ubaya wake mapema usije kunilaumu. Shelaki haipendi joto kali, haipendi jasho la mkono, na pombe inaiyeyusha kabisa, yaani tone la konyagi likidondoka juu ya gitaa ukachelewa kulifuta umepata doa. Uzuri ni kwamba hilo doa unalitibu mwenyewe, maana shelaki mpya inayeyuka na kushikana na ya zamani, huhitaji kukwangua gitaa zima.

Na jambo moja ulibebe kuanzia hapa mpaka mwisho: kila kitu kwenye kazi hii kinategemea unyevu wa kitambaa cha kusugulia, nitakachokiita donge. Karibu kila tatizo utakaloliona limetokana na kitambaa kilicholowa sana.

VITU VYA KUTAFUTA

Shelaki yenyewe. Ni utomvu unaotolewa na mdudu mdogo anaitwa Kerria lacca, anaishi kwenye miti huko India na Thailand, unakuja kama vipande vyembamba vinavyovunjika kama chipsi. Ukiulizia kwenye hardware za mjini mara nyingi utapewa vanishi au sila halafu unaambiwa ni kitu kilekile, sio kitu kilekile. Agiza mtandaoni, ni nyepesi na haivunjiki, gramu 250 zinatosha gitaa mbili tatu. Chukua iliyoondolewa nta. Rangi ya kahawia inayoelekea machungwa inaipendezesha mninga vibaya mno, ila kama uso wako ni mbao nyeupe na unataka ubaki mweupe chukua ile ya manjano hafifu. Itunze sehemu ya baridi, joto la chumba cha bati linaigandisha ikawa bonge.

Spiriti. Hapa ndo watu wengi wanapoharibikiwa. Unahitaji ethanoli ya asilimia 95 kwenda juu, ulizia kwa wanaouza kemikali za maabara. Sanitaiza zilizobaki toka kipindi cha korona hazifai, ile ya kawaida ni asilimia 70, kwahiyo karibu theluthi ni maji, na ya jeli ndo kabisa ina vitu vya kulainisha ngozi. Spiriti ya kuwashia ile yenye rangi inafanya kazi ila inaweza kuacha kivuli cha rangi kwenye mbao nyeupe na ndani yake kuna methanoli ambayo ni sumu, ukiitumia vaa glavu na fungua dirisha. Na kabla mtu hajauliza, gongo haifai, ina maji mengi, achilia mbali habari ya polisi.

Mafuta kidogo sana, chupa ndogo inakutosha miaka. Mafuta ya zeituni ni sawa. Likwidi parafini ya famasi, ile wanayouza kama dawa ya choo kigumu, ni nzuri pia maana haina rangi wala harufu, ila usichanganye na mafuta ya taa, ni vitu viwili tofauti. Najua huku kwetu Dodoma na Singida alizeti ndo imejaa kila kona, lakini ile ya kukamua kijijini ina nta na masimbi, na mafuta ya alizeti kwa asili yake yakikaa hewani yanaanza kuganda na kunata, mi ningeyaacha yakaange samaki.

Vitambaa: sweta kuukuu la sufu kutoka mitumba kwa ajili ya ndani, na shuka jeupe la pamba lililofuliwa mpaka limechoka kwa ajili ya nje. Khanga mpya usithubutu, spiriti itavuta rangi yake ikaiweka kwenye gitaa. Fulana nayo inaachia nyuzinyuzi.

Vingine ni msasa namba 180, 220, 320, 400 na 1200, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, chupa za kioo zenye mfuniko wa plastiki (chuma kinaifanya shelaki iwe nyeusi, kwaiyo sio makopo ya bati), bomba la sindano la kupimia matone, na kama utaupata, unga wa pumisi (jiwe la volkano lililosagwa) ule laini kabisa.

KUCHANGANYA

Gramu 20 za shelaki kwa mililita 100 za ethanoli, hiyo ndo ya kazi kubwa. Vunjavunja vipande ndani ya kitambaa, mimina kwenye chupa, tikisa kila ukipita, kesho yake itakuwa imeyeyuka. Chuja kwa soksi nyembamba ya kike. Kama uliuziwa yenye nta utaona kitu cheupe kimelala chini, usitikise, mimina ya juu taratibu uache ile. Tengeneza na chupa ya pili nyepesi, gramu 10 kwa mililita 100, ya mkono wa kwanza.

Usichanganye nyingi ukaweka akiba. Shelaki ikishayeyushwa inazeeka, na kwenye joto inazeeka haraka. Miezi michache imepita huna uhakika nayo? Dondosha tone kwenye kioo, kesho likibaki linanata ukilibonyeza kwa kucha mwaga lote, hata uipake vizuri vipi haitakauka.

MBAO IWE TAYARI KWELI

Shelaki haifichi kitu. Mkwaruzo ambao huuoni kwenye mbao kavu utauona ukishang'aa, na hapo umechelewa. Piga msasa kufuata mistari ya mbao, 180, 220, 320, malizia 400 kwa mgongo na mbavu. Uso ukiwa wa sprusi au saipresi nenda kwa mkono mwepesi, hizo mbao ni laini na hiyo milimita 2 inaisha haraka. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, vinyuzi vitasimama, vikikauka vikate kwa 400. Kagua gundi kwa kuangalia gitaa kwa ubavu kuelekea dirishani, popote palipobaki gundi patakuwa na doa lisilopokea shelaki.

Sasa kwa hizi mbao zetu kuna mtego. Mgongo na mbavu za mninga zina vumbi jekundu, fretibodi ya mpingo ina vumbi jeusi, na vyote viwili vinapenda sana kuingia kwenye uso mweupe. Usifute kwa kitambaa chenye spiriti, utasambaza rangi. Tumia brashi kavu au upepo wa pampu ya baiskeli. Vumbi la mninga pia linakera pua na kifua, funga barakoa.

Ziba fretibodi kwa tepu. Halafu pima daraja (kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya uso) litakapokaa na uweke tepu hapo pia, ndogo kuliko daraja kwa milimita moja kila upande, kwa sababu gundi inataka mbao tupu, haishiki juu ya shelaki, na daraja linalovutwa na nyuzi sita likiwa limekaa juu ya shelaki litang'oka tu. Ndani ya gitaa usipake chochote.

MUDA NA MAHALI

Dodoma ina faida kubwa hapa. Shelaki inachukia unyevu wa hewani, inaweka ukungu mweupe, na sisi kuanzia Mei mpaka Novemba tuna ukame mkavu. Mtu wa Tanga au Dar anasumbuka na hili, wewe husumbuki, labda uwe unafanya Januari mvua inanyesha.

Hasara yetu ni vumbi. Julai na Agosti ule upepo ukianza hakuna dirisha linaloweza kuuzuia. Kwaiyo fanya kazi saa moja mpaka saa nne asubuhi, upepo haujachachamaa na joto bado, maana saa nane mchana spiriti inaruka kabla donge halijateleza na utaliona linakwama. Deki chumba usiku uliotangulia, usifagie asubuhi, zima feni. Jiko la mkaa lisiwepo karibu, mvuke wa spiriti unashika moto. Umeme ukikatika endelea, dirisha linatosha, na mwanga wa dirisha wa kutokea ubavuni kwanza ni bora kuliko taa.

DONGE

Kata sufu ukunje iwe kama ukubwa wa yai, iweke katikati ya kipande cha shuka cha sentimita 15 kwa 15, vuta pembe zote nyuma uzisokote mpaka upande wa chini unyooke kabisa bila mkunjo hata mmoja. Mkunjo mmoja unachora mstari gitaa zima.

Fungua, weka shelaki kwenye sufu mpaka ilowe kiasi, ongeza matone machache ya spiriti, funga, kisha ligonge na kulibonyeza kwenye karatasi safi mara nyingi. Jipime nyuma ya kiganja: likigusa uone ubaridi na alama hafifu ambayo inapotea ndani ya sekunde moja au mbili. Likiacha majimaji, rudi kwenye karatasi. Ukihisi limekauka sana kuliko inavyopaswa, basi hapo ndo sawasawa.

MKONO WA KWANZA NA KUZIBA VITUNDU

Tumia chupa nyepesi, bila mafuta kabisa. Anza na uso mweupe kabla ya mbao nyekundu ili uuzibe rangi isiingie. Pita moja kwa moja kufuata mistari ya mbao, kutoka ukingo hadi ukingo, usirudi ulipopita mpaka pakauke, na kwa hapa kwetu ni dakika moja tu. Rudia mara tatu nne. Kisha mgongo, mbavu, shingo. Kwenye mpaka wa mninga na ule ukanda mweupe wa pembeni pitisha sambamba na mpaka, usikate kuvuka, la sivyo wekundu utavutwa kwenye weupe na kuutoa ni shughuli. Acha mpaka kesho.

Uso hauna vitundu vya kuziba, uache. Mninga ndo ina vitundu virefu vilivyo wazi, na visipozibwa shelaki itazama humo kila siku na hutopata kioo hata usugue mwezi. Kama una pumisi, nyunyiza kidogo mno kwenye donge lenye spiriti na shelaki kiduchu, sugua kwa duara ndogo ukikandamiza. Unga unakata vumbi laini la mbao yenyewe, linachanganyika na shelaki linajaza vitundu, na pumisi ikishalowa shelaki haionekani tena. Huna pumisi? Paka shelaki kipande kidogo cha mgongo, sugua papo hapo kwa msasa wa 400 uliochakaa mpaka utokee ujiuji mwekundu, ukandamize kwenye vitundu kwa kuvuka mistari, acha ukauke kabisa, punguza kwa msasa, rudia. Ni uchafu na inachosha lakini inafanya kazi. Vitundu vinazama tena baada ya siku kadhaa, kwaiyo subiri kidogo uangalie upya kabla hujasema umemaliza.

KUJENGA

Hapa ndo siku nyingi zinaishia, na ndo sehemu tamu.

Chupa nzito sasa. Weka shelaki kwenye donge, matone mawili matatu ya spiriti, gonga kwenye karatasi, halafu gusa tone moja la mafuta kwa kidole upake chini ya donge. Mafuta ni ya kulifanya liteleze tu, hayabaki, tutayatoa mwishoni. Ingia juu ya gitaa kama ndege inayotua, donge likiwa tayari linatembea, na ukitoka toka likiwa bado linatembea. Kusimama juu ya mbao ni marufuku, hata nusu sekunde, litanata na kuchuna kila kitu ulichojenga.

Zunguka kwa duara ndogo kwenda mbele, uso mzima, kisha namba nane kubwa, kisha mistari mirefu ya kunyooka. Ukiwa sawa utaona nyuma ya donge kuna mkia wa ukungu, sentimita chache, unakufuata na kupotea wenyewe. Huo mkia ndo spiriti inayotoka kupitia mafuta, na ndo kipimo chako cha kazi nzima. Mkia ukiwa mrefu na wa majimaji donge limelowa. Hakuna mkia kabisa, limekauka, kandamiza zaidi utoe kilichobaki au ongeza. Linapoanza kuvuta na kutoa kasauti ka kukwaruza, kijitone cha mafuta, sio shelaki.

Anza kila mzunguko na kingo na pembeni ya mguu wa shingo, maana mkono wenyewe unapenda katikati, mwisho unajikuta katikati kunang'aa na kingo ni mbao kavu.

Dakika ishirini mpaka nusu saa, inatosha. Utatamani kuendelea kwa sababu ndo kwanza kunaanza kung'aa, acha. Shelaki ya chini imelainika, ukizidisha unaichimbua. Iache masaa kadhaa au mpaka kesho. Donge liweke kwenye chupa yenye mfuniko na matone ya spiriti lisikauke, kitambaa cha nje kikichakaa badilisha. Fanya hivyo wiki nzima au zaidi, mgongo asubuhi, uso kesho, mbavu keshokutwa, hakuna haraka.

KUSAWAZISHA

Shelaki ikishajaa mpaka huoni tena mbao kavu popote, liache gitaa wiki bila kuligusa. Shelaki itanywea kidogo na mabonde yatajitokeza. Msasa 1200 uliozungushiwa kipande cha kifutio kigumu, na mafuta kidogo kama kilainishi, sugua taratibu kukata vilele tu. Maji yasitumike karibu na tundu la sauti wala kingo. Utaona sehemu zilizofifia ni vilele na zinazong'aa ni mabonde, usihangaike kuyamaliza yote siku moja. Kwenye kingo kaa mbali, shelaki pale ni nyembamba na ukitoboa unarudi mwanzo kwa eneo lile. Futa, jenga tena siku mbili tatu kwa shelaki iliyopunguzwa nguvu, nusu shelaki nusu spiriti.

KUTOA MAFUTA

Tengeneza donge jipya lenye kitambaa kisafi, weka spiriti kidogo sana peke yake, gonga kwenye karatasi mpaka ujiulize kama kuna kitu humo ndani. Pita mistari ya kunyooka tu, mwepesi kama unafuta vumbi, mguso mmoja halafu unaacha pakauke. Ule mng'ao wa greasi wenye michirizi utaanza kuondoka na chini yake utatokea mng'ao mkali. Rudia siku ya pili, mafuta mengine yanapanda usiku. Spiriti ikizidi hapa unafuta kazi ya wiki mbili kwa mpito mmoja, sikutishi, ndivyo ilivyo.

Mwisho kabisa mpito mmoja au miwili ya shelaki nyepesi sana, mistari mirefu, basi.

YAKITOKEA HAYA

Ukungu mweupe: unyevu umenaswa, mara nyingi ni spiriti yenye maji au siku ya mvua. Subiri siku kavu, pitisha donge lenye spiriti kiduchu, unapotea.

Donge limenata likachuna: usijaribu kulirekebisha palepale kwa kusugua zaidi, kila ukigusa unaongeza kidonda. Kesho likiwa gumu, 1200 taratibu, kisha jenga juu yake.

Vipunje vya vumbi: vikate kwa 1200 kila asubuhi kabla ya kuanza.

Panabaki laini siku nyingi: shelaki imezeeka au mafuta yamezidi. Ikiwa ni shelaki hakuna dawa, ifute kwa spiriti uanze na mpya.

Polishi za magari za kung'arishia usizipake, nyingi zina silikoni na siku ukitaka kutibu mkwaruzo shelaki mpya itakataa kushika.

BAADA YA HAPO

Toa tepu ya daraja, kata ukingo wa shelaki kwa wembe kufuata mstari wa daraja, gundisha, bana kwa siku nzima. Nyuzi unaweza kufunga baada ya wiki lakini shelaki inaendelea kukaza kwa mwezi na zaidi, kwaiyo usiliweke kwenye mfuko wa kubana wala kulilaza kwenye sofa la manyoya, litachapwa alama. Mkono wa kulia unapoegemea mbavu, vaa shati la mikono mirefu au weka kitambaa, jasho ndo linalokula shelaki haraka kuliko kitu kingine. Mikono yenye sanitaiza isubiri ikauke kabisa. Kulisafisha ni kitambaa laini chenye unyevu wa maji kidogo halafu kikavu, hakuna dawa ya dukani inayohitajika. Na kwa ukame wa huku kuanzia Agosti, ndani ya kesi weka kisponji chenye unyevu kwenye kijisanduku chenye matundu, kisiguse mbao, maana shelaki haizuii mbao kukauka na kupasuka.